Kukagua pikapu ya fowili iliyotumika: anza chini, injini ije baadaye

Lumbesa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mwezi huu watu wanne wamenipigia simu wakitaka niende nao kuangalia pikapu. Wote wanne swali lao la kwanza ni moja: "Injini yake nzima?" Nimeona niandike hapa ili hata nisiowajua wapate. Kwa pikapu ya fowili (inayoweza kuvuta kwa matairi yote manne) iliyokwisha kutumika, swali hilo linakuja la tatu au la nne. Injini ya Hilux ikikufia, unashuka Gerezani, pale Dar kwenye maduka ya vipuri, unapata nyingine, fundi anaipandisha na maisha yanaendelea. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, haina njia hiyo. Namba iliyogongwa juu yake ndiyo gari lenyewe machoni pa TRA (mamlaka ya mapato) na polisi. Chesisi ikioza au ikikatika, umebaki na injini nzuri iliyokaa juu ya chuma chakavu.

Mimi si fundi. Nanunua viazi Makete na Njombe vijijini, nasogeza mzigo hadi Makambako kwenye barabara kuu. Nimepitia Hilux tatu na Land Cruiser moja, na ninachoandika hapa nimekilipia.

Hilux ya kwanza niliinunua mwaka 2016 kwa milioni 24. Dabo kebini, injini ya 5L, ile dizeli ya lita 3 isiyo na tabo. Nilienda na kijana anayejua injini kweli. Akaiwasha, ikaitika mara moja, moshi hakuna, oili safi. Tukainama kidogo kuchungulia chini, tukaona pamepakwa rangi nyeusi nzito, inang'aa. Kijana akasema mwenye gari anajali, kaikinga na kutu. Nikalipa.

Wiki ya tano natoka Makete na magunia manane, nikapita kwenye korongo dogo kwa mwendo wa kawaida. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja ubao nyuma ya kiti. Gari likaendelea kwenda. Niliposimama ili tukaze kamba, mlango wa abiria wa nyuma ukafunguka lakini ukagoma kufunga. Ulikuwa umeshuka chini ya kitasa chake kiasi cha upana wa kidole.

Fundi wa Makambako alichukua bisibisi, akaanza kubandua ile rangi nyeusi nyuma ya kebini, upande wa kushoto. Ilitoka kama ganda la kidonda. Chini yake kulikuwa na bamba la chuma lenye ukubwa wa daftari, limechomelewa pande zote nne, na pembeni mwa bamba ufa mpya mweupe uliokuwa umepita mpaka ndani. Upande wa kulia kulikuwa na bamba jingine. Gari lilishawahi kukatika kabla halijafika kwangu. Ile injini niliiuza, na mpaka leo inafanya kazi kwenye gari la mtu mwingine.

Kwa hiyo sasa nikienda kukagua, bonati naifungua mwisho. Naanza hivi.

Simama pembeni, mbali kidogo. Hatua kumi hivi. Tazama nafasi iliyo kati ya kebini na bodi ya mzigo. Inatakiwa iwe sawa kutoka juu hadi chini. Chesisi ikishapinda kwa mizigo, mkia unashuka, na nafasi hiyo inafunguka juu huku chini inabana. Pitisha vidole: juu vinapita vitatu, chini kimoja kinakwama? Ondoka, usiendelee kupoteza muda. Angalia pande zote mbili, maana ikipishana kushoto na kulia, chesisi imejisokota.

Kisha lala chini. Nenda na tochi, nyundo ndogo, bisibisi na gunia la kulalia. Kama muuzaji hataki gari lipelekwe gereji yenye shimo, hilo nalo ni jibu. Anza nyuma ya kebini, kwa sababu hapo ndipo uzito wa mzigo unapokutana na uzito wa mbele. Nenda kwenye mikono inayoshika springi za nyuma, kisha mbele, mahali mfumo wa usukani ulipofungwa. Gonga kwa nyundo polepole. Chuma kizima kinalia, mlio unasafiri. Kilicholiwa kwa ndani kinajibu mlio mfu, kama umegonga debe la mchanga. Ingiza kidole kwenye matundu ya chesisi uone kinatoka na nini. Vumbi la kawaida halina shida. Magamba ya kutu yanayovunjikavunjika ni shida, kwa sababu chesisi ya namna hii ni kama boksi, inaoza kutokea ndani.

Rangi nyeusi mpya chini ya gari la zamani ibandue kidogo kwa bisibisi, kwa ruhusa ya mwenye gari. Akikataa katakata, umeshajua.

Na tusiseme kwamba Toyota haiozi. Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinaoza, makubaliano yanayofikia dola bilioni 3.4. Kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa barafu. Uingereza ni hivyohivyo, na pikapu za huko tunazo nyingi kwa sababu usukani uko kulia kama kwetu. Ukiambiwa gari limetoka Uingereza, nyundo iongeze bidii. Vilevile pikapu iliyokuwa inavuta boti au kubeba samaki mwambao, Tanga mpaka Mtwara.

Hapohapo, jambo la asili ya gari. Hilux haikuuzwa Japani kuanzia 2004 hadi iliporudi 2017. Kizazi chote cha Hilux kinachoitwa Vigo kilipita katikati ya miaka hiyo. Muuzaji akikuambia Vigo yake "ilikuwa ya mzee mmoja wa Japani", muulize vizuri. Nyingi zilitengenezwa Thailand, na zikatumika huko au nchi nyingine kabla ya kufika hapa. Si ubaya, ila ukidanganywa kwenye hilo, jiulize mangapi mengine.

Fowili nitaiandika kwenye bandiko linalofuata, ina mambo yake.

---

Grisi Nyeusi

Mkuu Lumbesa, mimi ni fundi, mwaka wa kumi na tisa huu chini ya magari. Hapo kwenye chesisi umesema kweli tupu. Naongezea moja: hesabu majani ya springi za nyuma. Ukikuta jani limeongezwa, rangi tofauti na mengine, au nene kuliko mengine, gari hilo lilikuwa linabeba kupita uwezo wake. Hata kama leo limeoshwa na kufungwa viti vipya, springi inasema kazi yake ilikuwa ipi. Ukiona hivyo, chesisi ichunguze mara mbili.

---

Lumbesa

Asante sana fundi. Hilo la springi nilikuwa nalipita.

Sasa fowili. Watu wengi wanainunua kisha hawaijaribu. Muuzaji anavuta kile kijiti kidogo, taa inawaka kwenye dashibodi, mnashikana mikono. Taa inaonyesha kwamba swichi imeguswa. Haionyeshi kwamba tairi la mbele linavuta.

Jaribio nililofundishwa Mbeya na mzee mmoja dereva wa malori linahitaji jeki na dakika ishirini.

Tafuta pahali tambarare penye udongo mgumu. Gari likiwa kwenye H2 (linavuta kwa matairi ya nyuma tu), habu za mbele (vifungo vya katikati ya tairi vinavyoliunganisha na ekseli) ziko FREE, yaani zimeachiwa, kama ni zile za kuzungusha kwa mkono, vuta handibreki, weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, zima injini, acha gia namba moja. Nyanyua tairi moja tu la mbele mpaka liwe hewani. Lizungushe kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kirahisi. Sikiliza beringi, kisha lishike juu na chini ulitikise, ulishike kushoto na kulia ulitikise. Likicheza juu na chini, ni beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia peke yake, angalia tairodi.

Lishushe. Sasa funga habu, ingiza H4 (matairi yote manne), tembea mita kadhaa kwenye udongo mpaka fowili ishike na taa itulie bila kuwakawaka. Simama, rudia yote: handibreki, mawe, gia, jeki. Nyanyua tairi lilelile. Jaribu kulizungusha.

Halitakiwi kuzunguka. Litacheza kidogo mbele na nyuma, kisha likwame kama limeshikwa na mkono. Kwa sababu ndani, propela ya mbele (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) sasa imefungwa pamoja na ya nyuma, na ya nyuma imeshikwa na matairi yaliyo chini. Likizunguka bure, kuna kitu kimekatika njiani: habu, ekseli, difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi), au transifa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) yenyewe haishiki. Rudia upande wa pili.

Tafadhali, gari likiwa juu ya jeki usiingize mwili wako chini yake. Mkono na tairi tu.

Halafu L4, yaani fowili ya gia nzito, ya mwendo wa pole. Tafuta mlima wa udongo, panda taratibu ukiwa kwenye namba moja, kisha shuka bila kukanyaga mafuta wala breki. Gia ikiruka yenyewe wakati wa kushuka, transifa au giaboksi imechoka. Mlio wa kulia kama mbu unaobadilika ukiachia mafuta ni difu.

Na kosa ninaloliona kila siku: mtu anajaribu H4 kwenye lami kavu na kukata kona. Gari linagoma, linaruka, usukani unakuwa mzito, halafu anasema fowili ni mbovu. Siyo mbovu. Pikapu hizi hazina difu ya kati, na kwenye kona matairi ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali sawa. Kwenye udongo tairi linateleza kidogo na kujirekebisha. Kwenye lami halina pa kuteleza, nguvu yote inarudi kwenye gia. Ukimwona muuzaji mwenyewe anafanya hivyo mbele yako, jua amekuwa akifanya hivyo siku zote.

---

Mama Parachichi

Shikamoo kaka Lumbesa na wengine wote. Mimi nina shamba la parachichi Njombe, nahitaji gari la kufika shambani wakati wa mvua. Nimeambiwa Land Cruiser pikapu singo kebini, ya 1HZ, ilikuwa ya mradi, namba zake ni DFP, zile za miradi ya wafadhili. Wananiambia gari la mradi lilifanyiwa sevisi kila mara kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Ni kweli? Naenda kuiona Jumamosi.

---

Lumbesa

Marahaba dada. Nusu ni kweli.

Gari la mradi kwa kawaida lina kitabu cha sevisi, oili imebadilishwa kwa wakati, na hiyo ni faida kubwa. 1HZ nayo ni injini ya kuaminika, silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala mambo ya umeme mengi. Ila dereva wa mradi hanunui springi kwa fedha yake. Gari limekimbizwa kwenye barabara mbovu kwa miaka, kila siku, watu na mizigo. Omba kitabu cha sevisi na ukisome tarehe na kilomita. Kurasa zikikosekana katikati, uliza kwa nini.

Kwa Land Cruiser hiyo, mbele ina ekseli ya moja kwa moja, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi. Nenda kwenye tairi la mbele, tazama kwa nyuma utaona bakuli la duara la chuma mwishoni mwa ekseli, ambalo lenyewe halisogei, tairi ndilo hugeuka juu yake ukikata kona. Lipanguse kwa kitambaa cheupe. Utando mwembamba wa mafuta ni wa kawaida. Lakini ukikuta grisi imekuwa nyepesi kama uji, inachuruzika mpaka kwenye rimu, maana yake sili ya ndani imekufa, oili ya difu imevuka na kuchanganyika na grisi. Beringi za humo zinakufa taratibu. Kutengeneza inawezekana, ila ni kazi ya kushusha kila kitu pande zote mbili, kwa hiyo iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Jambo la pili, na hili ni zito kuliko grisi: kodi. Gari likiingia nchini kwa msamaha wa kodi kwa ajili ya mradi, siku likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Uliza imeshalipwa au bado. Kama bado, nani analipa? Liandikwe kwenye mkataba. Usikubali maneno ya dalali kwamba "hilo litamalizika ofisini". Nenda TRA mwenyewe na namba ya chesisi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

---

Grisi Nyeusi

Dada, ukifika kabla hawajaiwasha, gusa bonati. Mwambie muuzaji siku moja kabla: naomba nilikute gari halijawashwa. Dizeli iliyochoka inajificha ikiwa ya moto. Ikiwa ya baridi haina pa kujificha.

Kabla ya kuwasha fungua rejeta, angalia maji. Utando wa mafuta juu yake, simama hapo. Chomoa stiki ya oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Washa. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli unaopotea ndani ya dakika moja kwenye baridi ya Njombe ni wa kawaida. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto, hapo mara nyingi kuna maji. Wa bluu ni oili. Mweusi mwingi ni mafuta kuzidi au hewa kukosa, mara nyingi nozeli.

Halafu shika bomba la juu la rejeta. Injini ikiwa bado haijapata moto, bomba likikakamaa ndani ya dakika mbili, gesi inavuja kuingia kwenye maji. Hapo ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina ufa.

Mwisho, injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukaza. Kutetemeka kidogo ni kawaida kwa dizeli hizi. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mafungu kama treni, ringi zimekwisha.

Kwa anayenunua Vigo ya 1KD, ile ya lita 3 yenye tabo: angalia ndani ya tundu la oili kwa tochi. Ukiona masizi mazito kama lami, wasiwasi uwe mkubwa. Washa za chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto inaingia kwenye oili, inatengeneza masizi yanayoshuka na kuziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Injini inakosa oili na kufa ghafla bila dalili kubwa. Mimi ningeshusha sampu kabla ya kununua. Kazi ya nusu siku.

---

Kijana wa Narok

Jambo wandugu. Nasoma kutoka upande wa Kenya. Huku kwetu wengi tunachukua Isuzu D-Max, kwa sababu inaunganishwa hapa Nairobi na vipuri viko kila mahali. Mambo ya chini ya gari ni yaleyale mliyosema, gari za kubeba maziwa na ngano huku Narok zinapinda palepale nyuma ya kebini.

Nawapa la hati kwa Mkenya anayesoma. Fanya msako wa gari kwa NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani) kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla hujatoa pesa. Ukiona jina la benki au la kampuni ya mikopo liko pamoja na la mwenye gari, logibuku (hati ya gari) ameiweka rehani. Binamu yangu alilipa lote, halafu wakopeshaji wakakuja na breakdown (gari ya kuvuta) asubuhi. Hakuna kitu angeweza kufanya, gari ilienda.

Na gari ya kutoka nje ya nchi haifai kuzidi miaka minane ikiingia Kenya, kwa hivyo ukipata ya zamani yenye namba mpya sana, uliza maswali.

---

Lumbesa

Asante ndugu yangu wa Narok, na pole kwa binamu. Huku kwetu nako ni hivyo: jina kwenye kadi lifanane na la kitambulisho cha anayekuuzia, uso kwa uso. Akisema gari ni la kaka yake aliye safarini, subiri kaka arudi. Angalia pia madeni ya faini za barabarani na maegesho ya TARURA kwa namba ya gari, kwa sababu hayo yanaandamana na gari.

Namba ya chesisi isome kwa macho yako kwenye chuma chenyewe. Kwa Hilux iko upande wa kulia mbele, kwenye reli, karibu na tairi. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa. Herufi ziwe kwenye mstari, kina kimoja. Sehemu iliyosagwa ikawa laini kuliko chuma cha jirani, au mshono wa kuchomelea kabla na baada ya namba, ni sababu ya kuondoka bila kubishana. Linganisha na bamba dogo lililo ndani ya bonati au mlangoni, kisha na kadi. Zote tatu.

Mtu mmoja kaniuliza faragha kuhusu kilomita. Siziamini, kwa hiyo sitazitumia kupanga bei. Natazama mpira wa pedali ya klachi, upande wa kulia wa kiti cha dereva pale anapokaa na kushuka, na usukani pale mikono inaposhika. Gari la kilomita elfu tisini halina pedali iliyolika mpaka chuma. Pia weka swichi ON bila kuwasha: taa zote za dashibodi lazima ziwake kwanza, ya oili, ya injini, ya T-BELT kama ipo. Taa ambayo haiwaki kabisa imetolewa balbu, na hakuna anayetoa balbu bila sababu. Kwa injini za mkanda kama 5L, 1HZ na 1KD, kama hakuna ushahidi wa maandishi kwamba mkanda ulibadilishwa, hesabu fedha ya mkanda mpya siku ileile unayonunua. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

---

Dereva Mstaafu

Wanangu, mnasema vizuri. Nimeendesha pikapu za serikali miaka thelathini. Niongeze la breki. Kwenye Hilux nyingi, nyuma karibu na difu kuna fimbo nyembamba inayounganisha ekseli na valvu ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likishuka kwa uzito, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Mafundi wengi wanaifunga kwa waya au kuitoa kabisa. Gari likiwa tupu hamuoni tofauti. Likiwa na tani moja kwenye mteremko wa Kitonga, mtaiona. Mkikagua, muikute iko na inacheza.

---

Lumbesa

Shikamoo mzee. Hilo sikulijua kabisa, na Hilux yangu ya sasa naenda kuiangalia leo hii jioni.

---

Mama Parachichi

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilienda na kijana wangu, jeki, mawe mawili na gunia.

Chesisi tuligonga yote, inalia vizuri. Nafasi ya kebini na bodi iko sawa juu na chini, pande zote mbili. Namba zinafanana sehemu zote tatu. Bonati ilikuwa baridi, aliwasha mbele yetu, moshi kidogo ukapotea. Bomba la rejeta halikukakamaa. Nilianza kufurahi.

Tukafanya jaribio la tairi kama kaka alivyoandika. H2, likazunguka. Tukafunga habu, tukaingiza H4, tukatembea mita kumi, taa ikawaka na kutulia. Tukanyanyua tena. Tairi likazunguka kwa mkono mmoja, laini, kama vile hatujafanya kitu. Upande wa pili vilevile. Muuzaji akasema labda habu zimejaa vumbi.

Tulishusha gari, tukalipeleka juu ya shimo la gereji ya jirani. Kijana wangu akaingia na tochi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, njoo uone." Propela ya mbele haipo. Imefunguliwa, na pale ilipotakiwa kufungwa kwenye difu pamekauka tope la zamani, kwa hiyo haikutolewa jana. Taa inawaka kwa sababu kijiti kinafanya kazi yake. Nguvu haina njia ya kufika mbele.

Muuzaji anasema na yeye alinunua hivyo. Ameteremsha bei kwa milioni tatu papo hapo. Kodi alinionyesha risiti, nimepiga picha, Jumatatu naipeleka TRA. Nifanyeje kaka?

---

Lumbesa

Dada, hongera kwa kazi hiyo. Usitoe jibu bado, na milioni tatu usizikubali wala kuzikataa.

Propela haitolewi bila sababu. Mara nyingi inatolewa kwa sababu difu ya mbele ilianza kulia au ilivunjika, wakaona waliache gari litembee kwa nyuma tu. Kwa hiyo omba ruhusa ya kufungua nati ya chini ya difu ya mbele, uweke sufuria. Oili nyeusi si tatizo. Tazama sumaku iliyo kwenye nati, au panguse oili kwa kitambaa: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini vipande vya meno ya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni difu nzima ya kununua. Kisha zungusha kwa mkono ile flenji inayopokea propela. Ikikwaruza, umepata jibu.

Ukishajua, uliza bei tatu Gerezani au Mbeya: difu ya mbele, propela yenye krosi zake, na kazi ya fundi. Angalia pia mdomo wa mbele wa transifa, kama sili ilikufa kwa kukaa wazi na vumbi limeingia. Jumla ya hizo ndiyo inayotoka kwenye bei, si milioni tatu alizozitaja yeye.

Tuma picha ya sumaku ukiifungua. Fundi Grisi Nyeusi ataisoma vizuri kuliko mimi.

---

Grisi Nyeusi

Nipo. Piga picha kwenye mwanga wa jua, na usiipanguse kwanza.